Nusu Mita Kati ya Ukuta na Mashine

Muulize mtu anayejenga mgahawa lini atanunua vifaa vya jikoni, atakujibu bila kusita: jengo likiisha. Anauona ndio utaratibu wa kawaida, kama mtu anayemaliza nyumba kwanza ndipo anunue makochi. Lakini kochi halina bomba. Mashine ya kuoshea vyombo inataka maji yaingie, maji machafu yatoke, umeme wa fezi tatu, na mahali pa kutolea mvuke. Vyote vinne hupita ndani ya zege, ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali ambapo jengo likishakamilika hapafikiki bila nyundo na tindo.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye mgahawa, au meneja uliyekabidhiwa saiti huku tajiri yuko safarini. Nimeuandika nikiifikiria Dar es Salaam. Anayejenga Mombasa au Kampala atabadilisha majina ya mamlaka. Zege na gesi ni zilezile.

Nianze na jambo ambalo mengine yote yanaliegemea. Migahawa mingi haicheleweshwi na mashine kubwa ya bei ghali. Inacheleweshwa na ile nusu mita iliyobaki kati ya ukuta na mashine. Fundi bomba ameacha koki ukutani, kazi yake kwa mujibu wa mkataba imeisha. Muuzaji ameshusha mashine mbele ya koki hiyo, naye kazi yake imeisha. Mpira wa kuunganisha haupo, valvu haipo, kichujio cha maji hakipo, na kila mmoja ana karatasi inayoonyesha kwamba hakuahidi kuvileta. Wewe umeshawaajiri wapishi, mshahara unakimbia, na kodi ya pango inalipwa kila mwezi. Kuratibu ufungaji wa jiko ni kuipatia nusu mita hiyo mwenyewe, mapema, kwa maandishi.

Daftari kabla ya zege

Kaa na mpishi wako mkuu kabla hujakaa na msanifu. Kama hujamwajiri, mlipe kwa ushauri tu. Menyu ndiyo inayochagua mashine, na mashine ndizo zinazochagua mabomba. Mgahawa wa pilau, biriani na mchuzi wa samaki hauhitaji jiko lilelile la mgahawa wa piza, hata kama ukumbi wa wateja unafanana.

Hapa katalogi za nje huwapotosha wengi. Zinaonyesha jiko la plate sita lenye kimo cha sentimita 85 au 90, linang'aa, linavutia. Weka juu yake sufuria ya lita mia ya pilau uone: mpishi atapanda kigoda ili akoroge, na siku sufuria hiyo ikiteleza hutapenda kuwa karibu. Chakula chetu cha sufuria kubwa kinataka jiko la chini, imara, lenye moto mkali, na pembeni yake nafasi ya watu wawili kuinua. Jiko la namna hiyo hubadilisha kimo cha bomba la gesi na upana wa kinachofyonza moshi juu yake. Kama msanifu hajaambiwa, atachora jiko la katalogi.

Baada ya menyu, fungua daftari la vifaa. Kila kifaa kipewe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye ramani, kwenye ankara ya muuzaji, na kwa chaki au rangi ukutani pale kitakapokaa. Kwa kila namba andika modeli kamili, vipimo vya upana, kina na kimo, uzito, volti na kilowati, fezi moja au tatu, aina ya gesi na presha yake, maji baridi na moto, kipenyo cha bomba la maji taka, na kimo cha kila tundu kutoka sakafuni. Nasisitiza modeli kamili. Oveni yenye jina moja huuzwa ya gesi na ya umeme, yenye mlango unaofungukia kushoto na unaofungukia kulia. Tofauti ya herufi moja mwishoni mwa namba inaweza kuwa tofauti ya kebo nene na bomba la gesi.

Taarifa hizi zipo. Mtengenezaji yeyote wa maana hutoa karatasi ya vipimo vya ufungaji kwa kila modeli. Muuzaji anayeshindwa kukupa karatasi hiyo kabla ya kupokea malipo ya awali, usitegemee atakupa fundi baada ya kupokea yote.

Kisha panga tarehe ya kufunga daftari, na tarehe hiyo iwe kabla ya kumwaga zege la sakafu. Baada ya hapo mtu yeyote anayetaka kubadilisha mashine, hata kama ni wewe mwenye fedha, aandike mabadiliko, gharama yake, na nani atavunja nini. Utashangaa mawazo mazuri yanavyopungua yakitakiwa kuandikwa.

Nani ni mwenye kipande

Katika daftari hilohilo ongeza safu tano upande wa kulia: nani anafikisha bomba au waya hadi ukutani, nani analeta valvu au swichi ya mwisho, nani analeta mpira au kebo ya kuunganisha, nani anaunganisha, nani anawasha. Kila chumba kijazwe jina la kampuni au la fundi. Pakibaki chumba kitupu, umeshajua mahali ambapo ufunguzi wako utakwama.

Mgawanyo ninaoupendelea ni huu. Mkandarasi afikishe umeme hadi kwenye swichi ya kukatia iliyo ukutani, kila mashine kubwa na ya kwake. Maji hadi kwenye koki. Maji taka hadi kwenye tundu la sakafu. Kuanzia hapo hadi ndani ya mashine iwe kazi ya muuzaji wa vifaa, pamoja na mipira, vichujio na viungio vyote. Wengine humpa mkandarasi hata kipande hiki cha mwisho kwa sababu ni nafuu. Unafuu huo hupotea mara ya kwanza mashine inapoharibika ndani ya dhamana, maana muuzaji atasema imeunganishwa na mtu asiyeijua. Gesi iwe peke yake, nitaieleza mbele.

Mikutano ifanyike saitini, watu wamesimama, futikamba mkononi. Mkutano wa ofisini huzaa kumbukumbu za kikao. Wa saitini huzaa mstari wa chaki. Wanaostahili kuwepo kila wiki ni fomeni wa mkandarasi, fundi umeme, fundi bomba, fundi wa mfumo wa hewa na mwakilishi wa muuzaji wa vifaa. Huyu wa mwisho ndiye anayetoroka zaidi, kwa kisingizio kwamba vifaa bado viko baharini. Mwite hivyohivyo.

Na kundi la WhatsApp, ambalo kila saiti siku hizi inalo, lipewe kazi ya maana: kabla ya plasta, kila ukuta upigwe picha futikamba ikiwa imenyooshwa juu yake, ili mabomba na waya vionekane pamoja na vipimo. Picha hizo zitakuokoa siku fundi wa rafu atakapotaka kutoboa.

Ukuta wa ramani na ukuta wa tofali

Kuna kosa dogo linalojirudia hadi nashangaa halijapewa jina. Ramani ya jiko huchorwa kutoka ukuta uliokamilika, wenye plasta na marumaru. Fundi bomba, siku anapofika, anakuta tofali tupu, anapima kutoka kwenye tofali. Plasta ikija na milimita 15, gundi na marumaru nyingine 15, kila ukuta umenenepa milimita 30. Kati ya kuta mbili umepoteza milimita 60. Ramani ilipanga meza, sinki na mashine zijae mita nne na sentimita ishirini bila kubakiza hata kidole. Sasa kifaa cha mwisho hakiingii. Kwenye sakafu ni hivyohivyo: tundu la maji taka lililopimwa kutoka zege tupu hujikuta limefunikwa na tabaka la kusawazishia na marumaru, au limebaki limechomoza juu yake.

Dawa yake ni nyepesi. Mkandarasi apige alama moja ya kimo kuzunguka kuta zote za jiko, mita moja juu ya sakafu itakavyokuwa ikiisha, na kila fundi apime kutoka alama hiyo tu. Kwa upande wa kuta, chaki ionyeshe uso wa marumaru utakapofika. Halafu ramani iache mwanya wa milimita chache kila baada ya vifaa kadhaa, kwa kuwa hakuna ukuta ulionyooka duniani.

Kwa sababu hiyohiyo nashauri mashine zitoke nje, lakini meza, rafu na sinki za stenlesi zitengenezwe na mafundi wa hapa. Dar es Salaam ina karakana nzuri za kazi hiyo. Wakija kupima baada ya marumaru kuwekwa, meza itakaa ukutani sawasawa na sinki litaangukia juu ya tundu lake. Taja daraja la chuma kwenye oda: 304. Upepo wa chumvi wa pwani huanza kuacha madoa ya kutu kwenye madaraja ya bei rahisi mapema mno. Wanunuzi wengi huenda na sumaku wakidhani wamejilinda. Sumaku hukamata daraja la 430, ila 201 huipita bila kunaswa. Dai cheti cha chuma, na bei ikiwa tamu kupita kiasi, ulizia tena.

Chini ya sakafu

Sakafu ya jiko iteremke kuelekea kwenye matundu, sentimita moja hadi moja na nusu kwa kila mita. Ikiwa bapa, maji yatatuama chini ya majiko na utapata mende kabla ya wateja. Ikiwa na mteremko mkali, miguu ya mashine haitafika chini na troli zitakimbia zenyewe. Weka mifereji yenye vifuniko vya chuma mbele ya majiko ya sufuria na mbele ya sehemu ya kuoshea, siyo chini yake, maana anayesafisha anapaswa kuifikia.

Maji yote yenye mafuta yapitie kwenye chemba ya kunasa mafuta kabla hayajafika kwenye mfumo wa majitaka au shimo lako. Chemba hiyo iwe mahali ambapo mtu anaweza kuifungua na kuizoa bila kupita na ndoo katikati ya wateja. Nimeona mgahawa ambao chemba iliwekwa chini ya kaunta ya keshia kwa sababu ndipo bomba lilipopita. Wenyewe husafisha usiku wa manane.

Oveni ya mvuke ina madai yake. Inatoa maji ya moto sana, na bomba la kawaida la plastiki hulainika na kupinda likiyapokea kila siku. Itengewe bomba linalostahimili joto, angalau kwa mita za mwanzo. Pia maji hayo yaangukie kwenye tundu kukiwa na nafasi wazi ya hewa katikati, bomba la oveni lisizamishwe moja kwa moja kwenye la majitaka. Siku mfumo ukiziba, uchafu upande sakafuni, usipande ndani ya oveni ya keki.

Chumba cha baridi ndicho husahaulika zaidi hatua hii. Chumba cha kugandisha, kile cha nyuzi 18 chini ya sifuri, kinahitaji sakafu yenye tabaka la kuzuia joto, kwa kawaida sentimita 8 hadi 10. Kama zege halikushushwa kiasi hicho pale kitakapokaa, mlangoni patakuwa na kizingiti, na kila troli ya nyama italazimika kuinuliwa. Zege likishakauka, chaguo ni kuishi na kizingiti au kuvunja. Amua pia mapema mashine yake ya nje itakaa wapi. Ikibanwa kwenye uchochoro usio na hewa, itafyonza joto lake yenyewe na bili ya umeme itakwambia.

Kuhusu maji yenyewe: sehemu nyingi za jiji hutegemea kisima pale maji ya DAWASA yanapokatika, na maji ya visima vingi, hasa karibu na bahari, yana chumvi. Oveni za mvuke na mashine za kuoshea vyombo hujenga ukoko wa chokaa kwenye vipashio vyake, na watengenezaji huweka sharti la ubora wa maji kwenye dhamana. Pima maji ya kisima maabara kabla ya kuchagua mfumo wa kuyasafisha, kisha tenga nafasi yake ukutani. Vichujio vina upana na uzito, na kila baada ya muda mtu atahitaji kuvifikia.

Umeme

Umeme wetu ni volti 230 kwa fezi moja, 400 kwa fezi tatu, mizunguko 50. Mashine za Ulaya, Uchina na Dubai mara nyingi hukubaliana nao. Za Marekani, hata ziwe za dezo, ni za mizunguko 60 na volti tofauti. Transfoma itarekebisha volti, haitarekebisha mizunguko, na mota itazunguka taratibu kuliko ilivyoundwa. Mjomba aliyeko Houston akikuahidi kontena la vifaa vilivyotumika, mshukuru, kisha mwombe akutumie picha ya kibandiko cha nyuma ya kila kifaa kabla hajalipia usafiri.

Oveni ya mvuke ya trei kumi inayotumia umeme huvuta takriban kilowati 19. Ongeza mashine ya vyombo, vikaangio, viyoyozi vya ukumbi na vyumba vya baridi, utaona kwa nini laini ya kawaida ya duka haitoshi. Jumla hiyo ipelekwe TANESCO mapema, mwanzoni mwa ujenzi, maana kama transfoma ya mtaa imeelemewa, suala lako linaacha kuwa la mita na kuwa la nguzo. Mhandisi wako asijumlishe namba za vibandiko tu. Mwambie mashine zipi huwaka pamoja saa saba mchana. Na mwamue pamoja jenereta litabeba nini. Kwangu mimi, vyumba vya baridi, feni za moshi, taa na mfumo wa malipo ni lazima. Oveni inaweza kusubiri.

Friji na friza nazo zina daraja la hali ya hewa. Nyingi za bei nafuu zimejaribiwa kwa joto la nyuzi 30, daraja la 4. Jiko la Dar es Salaam mwezi Februari, majiko yakiwa yamewaka, hulipita hilo asubuhi. Agiza daraja la 5, linalojaribiwa kwa nyuzi 40, au zaidi.

Gesi haisamehi

Sehemu hii usiibanie fedha.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni na kuingia kwenye mifereji, kwenye chemba, kwenye chumba cha chini. Kwa hiyo mitungi ikae nje, kwenye kibanda chenye matundu chini na juu, mbali na mifuniko ya chemba na madirisha yaliyo chini, na vitambuzi vya gesi ndani ya jiko viwekwe karibu na sakafu. Gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay inayofika baadhi ya maeneo ya jiji kwa bomba, ni nyepesi kuliko hewa, na vitambuzi vyake hukaa juu. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine hahamishi bomba tu. Nozeli za kila jiko hubadilishwa pia, kwa kuwa tundu la gesi asilia likipewa gesi ya mtungi hutoa mwali mkubwa wenye masizi. Oda ya kila jiko iandikwe aina ya gesi na presha, kwa mfano milibari 30 au 37 kwa gesi ya mtungi. Jiko likifika na nozeli zisizofaa, fundi mbaya atapanua au kuziba tundu kwa sindano. Mfukuze.

Majiko ya chini ya moto mkali, yale ya sufuria kubwa, hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko oveni na majiko ya plate. Yasichangie laini moja baada ya regyuleta. Yawe na laini yao na regyuleta yao. Nimekuta jiko la Kitaliano linazimikazimika kila mpishi wa pilau anapofungua moto wake, na watu wamelilaumu jiko kwa miezi.

Piga hesabu ya mitungi pia. Kilo moja ya gesi ya mtungi hubeba takriban kilowati-saa 13 za joto. Jiko lenye vichomeo vya jumla ya kilowati 100, vikiwa vimefunguliwa vyote, hula karibu kilo 8 kwa saa. Mtungi wa kilo 38 ungeisha ndani ya saa tano, na kabla ya kuisha ungeshapata jasho la baridi na presha kushuka, kwa kuwa mtungi mmoja hauwezi kugeuza kimiminika kuwa gesi kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mitungi kadhaa huunganishwa kwenye bomba kuu moja, kundi moja likitumika na jingine likisubiri.

Bomba zima lijaribiwe kwa presha ya hewa kabla ya kufunikwa, na matokeo yaandikwe na kusainiwa. Mahali pamoja panapofikika, karibu na mlango wa kutokea, pawe na valvu ya kukata gesi yote. Bora zaidi, ifungwe pamoja na feni ya moshi: feni ikizimika, gesi inakatika. Mfumo huo unauzwa, na si ghali ukilinganisha na unachokilinda. Kazi yote ya gesi apewe mkandarasi mmoja mwenye sifa, kutoka mtungi hadi kichomeo.

Moshi na majirani

Hudi, lile bati pana linaloning'inia juu ya majiko, ifunike vifaa vyote vilivyo chini yake na kuvuka ukingo wao kwa sentimita 15 hadi 30 kila upande ulio wazi. Ukingo wake wa chini ukae kama mita mbili kutoka sakafuni. Dohani inayotoka hapo iwe ya chuma kilichochomelewa, yenye milango midogo ya kusafishia kila kona, kwani mafuta hujikusanya ndani yake na siku moja cheche huyafikia. Hudi huning'inizwa kwenye zege au kenchi, kamwe siyo kwenye gipsamu, hivyo vyuma vyake vifungwe kabla ya dari. Vivyo hivyo tundu la dohani kwenye paa au ukuta liachwe kabla paa halijazibwa.

Kinachosahaulika ni hewa ya kuingia. Feni ikitoa mita za ujazo 3,000 kwa saa, hewa hiyo lazima itoke mahali. Usipoiletea njia, itaivuta kutoka ukumbini: kiyoyozi chako kitapoza jiko la chipsi, mlango utapiga mluzi, na moshi utabaki ulipo. Wabunifu wengi hurudisha kama asilimia 80 ya hewa kwa feni ya pili, na kiasi kinachobaki kikivutwa toka ukumbini huzuia harufu ya kukaanga isiende kwa wateja.

Nyama choma ni shauri lake. Jiko la mkaa liwe na hudi na dohani ya peke yake, isiyochanganywa na ya vikaangio. Cheche na mvuke wa mafuta havikai pamoja. Mdomo wa dohani utazame wapi? Panda ghorofani kwa jirani, simama dirishani kwake, utapata jibu. Na hata kama umeamua kuchoma kwa mkaa, acha bomba la gesi lililozibwa mahali hapo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na sidhani wachoma nyama watabaki wametazamwa tu.

Bandari, mlango, ngazi

Agiza ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuwasha: utengenezaji, bahari, forodha, kisha wiki za kufunga. Bidhaa nyingi za umeme hupaswa kukaguliwa huko zitokako, chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wa ukaguzi kabla ya kusafirishwa. Muuzaji akikwambia mambo hayo yatamalizwa bandarini, elewa kwamba yatamalizwa kwa fedha yako na kwa siku za kontena kukaa. Lakini kuwahi sana nako kuna adha. Mashine ikifika saiti ikiwa bado na vumbi la saruji, itapoteza vipuri, itagongwa na kila anayepita, na mafundi watachanganyia rangi juu yake. Kodisha chumba kikavu pembeni, acha mashine ndani ya makreti.

Chukua kifaa kikubwa kuliko vyote, kikiwa bado kwenye kreti, ukipitishe kichwani kutoka kwenye lori hadi mahali pake: geti, mlango, korido, kona ya ngazi. Mlango wa sentimita 90 hauipitishi oveni ya trei ishirini iliyofungashwa. Pale pasipopita, mkandarasi aache ukuta bila kujengwa hadi kifaa kiingie, na hilo liandikwe kwenye ratiba lisije likajengwa na fundi mchapakazi Jumamosi.

Mfuatano wenyewe, kwa ufupi: mabomba ya chini, zege, kuta na njia za waya, hudi na dohani, plasta, marumaru ya sakafu na kuta, paneli za chumba cha baridi, dari, rangi, ndipo mashine, kisha meza. Anayetaka kuingiza mashine kabla ya rangi ana haraka ya kulipwa.

Karatasi za serikali

Tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula uko TBS. Utakutana pia na afisa afya wa halmashauri, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na OSHA kwa upande wa mahali pa kazi. Wapelekee ramani kabla ya kujenga. Afisa afya akitaka sinki la kunawia mikono lililotengwa na la vyombo, ni rahisi kumpa kwa kalamu kuliko kwa tindo.

Siku ya kuwasha

Usiwashe mashine mojamoja ukaridhika. Siku ya majaribio washa zote kwa pamoja, feni zikiwa zinafanya kazi, sufuria zina maji yanayochemka, vikaangio vina mafuta, mashine ya vyombo inazunguka, na acha hivyo kwa saa mbili. Hapo ndipo breka dhaifu hujitangaza, presha ya gesi hushuka, na tundu la sakafu huonyesha kama linameza. Pima joto la vyumba vya baridi mlango ukifunguliwa na kufungwa kama siku ya kazi. Pitisha maji ya sabuni kwenye kila kiungio cha gesi. Kata umeme kwa makusudi uone jenereta linachukua nini. Wapishi wawepo, wao ndio wafungue na kufunga, fundi wa muuzaji akiwafundisha.

Sehemu ya mwisho ya malipo ya muuzaji, mliyokubaliana kwenye mkataba, ibaki mkononi mwako hadi jaribio hili lipite na hadi umekabidhiwa vitabu vya maelekezo, orodha ya vipuri pamoja na bei zake, namba ya fundi anayepatikana Jumapili, na vipuri vya akiba vinavyochakaa upesi: mipira ya milango ya friji, vihisi vya moto vya majiko ya gesi, vichujio vya maji, na nozeli za ziada za aina ya gesi unayotumia.